Dumu la Maili ya Kumi na Tisa

Maiti ya Orrin Haskett ilikutwa imeketi. Mgongo umeegemea mwaloni, miguu imenyooshwa, kamba za viatu zimelegezwa, kama mtu aliyefika kibarazani kwake akakuta hakuna haraka tena. Ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi. Mto ulikuwa nusu maili tu kutoka pale, na ukinyamaza uliusikia.

Inspekta Amos Truett alinyamaza, akausikia. Akavua kofia.

"Nusu maili," alisema. "Mtu aliyepeleka barua za Coyle kwa miguu miaka thelathini na moja. Mbwa wa mji mzima walichoka kumfukuza, wakaanza kumsindikiza. Halafu ashindwe na nusu maili."

"Jana humu korongoni joto lilifika nyuzi mia na nane za Farenhaiti, afande," akajibu afisa wake, Delphine Ybarra. "Hata mijusi ilikuwa inatafuta kivuli cha mwenzake."

Truett hakuwa mtu wa mbio. Tumbo lake lilikuwa likitangulia kufika mahali pa tukio, na watu wa Coyle walidai kwamba yeye akifika, tumbo lilikuwa limeshawahoji mashahidi wawili. Ybarra ndiye aliyekuwa mkimbiaji. Alikuwa na mabizimu mawili ya fedha ya mkanda, yale wanayopewa wanaomaliza maili mia kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Marehemu ndiye aliyemfundisha. Ybarra hakulia. Aliandika daftarini, kalamu ikitoboa karatasi.

Orrin, mwenye miaka sitini na moja, alikuwa ametia jina lake kwenye bahati nasibu ya kupata nafasi katika mbio za maili mia kwa miaka saba mfululizo. Desemba iliyopita jina likachomoka. Mbio zilikuwa zimebaki wiki tano. Jumamosi alikuwa kwenye mazoezi yake marefu ya mwisho: maili thelathini, kutoka chanzo cha njia juu mlimani hadi mtoni.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisimama, akapangusa magoti.

"Figo," alisema. "Zimekufa kabla yake. Hakuna jeraha, hakuna aliyemgusa. Mtu huyu amekauka."

"Aliishiwa maji?" Truett akauliza.

"Orrin haishiwi maji," Ybarra akadakia. "Ijumaa alificha madumu mawili njiani. Moja maili ya kumi na mbili, jingine ya kumi na tisa. Hakuna mkimbiaji huku asiyefanya hivyo."

"Basi twende tukayaone hayo madumu."

Walikwenda kwa gari la doria hadi barabara za vumbi zinapokata njia, wakamalizia kwa miguu. Dumu la kwanza lilikuwa na maji nusu. Orrin alikunywa, akaacha mengine. La pili, la maili ya kumi na tisa, lilisimama nyuma ya jiwe, jeupe, mfuniko umekazwa vizuri. Ybarra aliliinua kwa mikono yenye glavu. Likaja jepesi kama kofia.

"Labda mpita njia alikuwa na kiu," Truett alisema.

"Mwenye kiu anaruhusiwa, afande. Anakunywa, anaandika jina lake juu ya dumu, na kesho yake anarudisha. Hapa hakuna jina. Na mtu hanywi galoni nzima akasimama. Haya yamemwagwa."

"Anayemwaga mnamwitaje?"

"Hatujawahi kuhitaji jina lake."

Kisha akaligeuza dumu, na wote wawili wakasoma. Chini ya jina la Orrin na tarehe ya Ijumaa palikuwa na maneno mengine, kwa herufi kubwa zilizonyooka za mtu wa posta:

ULIYEYAMWAGA: HUENDA HUKUJUA. SINA KINYONGO. NINGERUDI, ILA VINNIE YUKO MTONI PEKE YAKE JUANI NA HAPANA SIMU. O.H.

Ybarra aliliweka dumu kwenye mfuko wa ushahidi.

Saa ya mkononi ya marehemu ilikuwa imehifadhi kila hatua yake. Ilisema kwamba pale alisimama dakika kumi na moja. Akageuka, akarudi alikotoka hatua mia tatu. Akasimama tena. Halafu akageuka upande wa mto, na hakutazama nyuma tena.

Gus Lindqvist alikuwa mtengeneza misumeno ya moto ya kukatia magogo, rafiki wa Orrin kwa miaka ishirini, na pia mtu wa kwanza kwenye orodha ya akiba ya mbio zilezile. Mmoja akijitoa au akifa, Gus anaingia. Truett alimkuta karakanani na akaanza papo hapo.

"Umeshapigiwa simu na wasimamizi wa mbio?"

"Asubuhi hii. Nimewaambia wanipigie nikiwa nimekufa na mimi."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Bonde la pili, nafyeka njia. Kila anayetaka kukimbia lazima afanye kazi ya njia kwa muda wa saa nane, hata aliye akiba. Tulikuwa watu kumi na wawili. Tumetia sahihi."

"Na Ijumaa?"

"Hapahapa. Muulize mwenye huu msumeno, alinisimamia kutwa kama mama mkwe."

"Maji ya Orrin ya maili ya kumi na tisa yamemwagwa, Gus. Ya kumi na mbili yapo."

Gus aliweka bisibisi mezani polepole.

"Amos, mtu anayemwaga maji ya mwenzake njiani, afadhali ungekuja kuniuliza kama nimemuuza mama yangu."

"Nani alijua yalipofichwa?"

"Yeye. Vinnie, mkewe. Wanayabeba pamoja." Akakuna shingo. "Kinachonisumbua si hicho. Orrin alikuwa na kanuni moja, ametuimbia mpaka masikio yakaota sugu: dumu likiwa tupu, geuka. Usifikiri, geuka. Angerudi maili saba tu hadi dumu la kwanza, kivulini, na maji yalikuwepo. Kwa nini akaenda mbele maili kumi na moja, kwenye lile tanuri?"

Truett alilijua jibu. Hakulitoa.

Kituoni alisoma taarifa za maabara. Alama za vidole kwenye dumu zilikuwa za Orrin na mkewe, na hilo halikumtia mtu hatiani, kwani ndio walioyabeba. Akafungua kitabu cha simu za dharura. Vinnie Haskett aliripoti kupotelewa na mumewe Jumamosi, saa kumi na moja na dakika nne jioni. Truett aliisoma namba iliyopiga, akaisoma tena, kisha akaisukuma kwa Ybarra.

Ybarra aliitazama. "Twende wote?" aliuliza.

"Twende wote. Na lete dumu. Liache garini."

Vinnie Haskett alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Coyle kabla ya kustaafu. Ndiye aliyekuwa akimwongezea Amos Truett sahani ya pili ya maharage kila Alhamisi, na mwanzo wa tumbo lile ulikuwa mikononi mwake. Aliwafungulia mlango, akammiminia kahawa bila kuuliza. Ybarra alibaki amesimama mlangoni.

"Bi Vinnie, jana ulimsubiri wapi?"

"Mtoni. Kama siku zote."

"Simu yako haikutoka mtoni. Ilipigwa kutoka kibanda cha walinzi wa msitu, juu kwenye chanzo cha njia. Kutoka mtoni hadi pale ni mwendo wa saa mbili kwa gari."

Vinnie alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia kitu.

"Ulimshusha pale alfajiri," Truett alisema. "Hukuondoka. Ulijua atarudi."

"Unataka sukari, Amos?"

"Hapana, mama. Na kabla hujasema neno, ni wajibu wangu kukwambia una haki ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili."

"Nimenyamaza tangu Februari," alisema. "Nimechoka."

Alitoa barua ndani ya kopo la unga. Ilikuwa ya daktari. Orrin alikuwa ameificha ndani ya kiatu kuukuu, lakini mwanamke aliyefua soksi za mkimbiaji miaka ishirini na sita anajua kila kiatu.

"Mara mbili amemaliza mbio anakojoa rangi ya kahawa hii. Daktari anasema mara ya tatu figo hazitaamka. Nilimwekea barua mezani. Akacheka. Akasema daktari hajangoja miaka saba."

"Ukafanya nini?"

"Nililia. Nikanuna. Nikamtuma Gus aseme naye, Gus akaishia kumnunulia viatu." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. "Nikaona, mimi hatanisikia. Atajisikiliza mwenyewe tu. Na yeye ana kanuni ile moja. Ijumaa tulipomaliza kuficha dumu la pili, tulipofika kwenye gari nikamwambia nimesahau kofia. Nikarudi mbio. Nikamwaga, nikafunga mfuniko."

"La kwanza hukuligusa."

"Nilipiga hesabu, Amos. Maili saba kurudi hadi dumu la kwanza, miti imeziba jua, maji yapo, kisha kumi na mbili hadi kwangu. Angeniibukia saa tisa alasiri, amekasirika, mzima. Akishindwa mazoezi ya maili thelathini angejitoa kwa mkono wake mwenyewe. Nilimkatia tikiti maji. Nikakaa."

"Saa tisa ikapita."

"Na saa kumi. Nikasema niteremke mtoni. Halafu nikasema, je, nikiondoka ndiyo atokeze, anikose? Nikakaa. Nikawa nafukuza nzi kwenye tikiti."

"Nifunge," alisema. "Sitabisha. Lakini niambie jambo moja, wewe umeona kila kitu. Miaka ishirini na sita hajawahi kuivunja ile kanuni. Hata siku aliyovunjika kidole aligeuka. Kwa nini jana hakugeuka?"

Truett alitazama mlangoni. Ybarra alikuwa akitazama sakafu.

Sheria haikumlazimu kuonyesha ushahidi siku ile. Lakini siku moja ungesomwa mahakamani, kwa sauti ya karani asiyewajua, mbele ya watu wanaotafuna peremende. Alimpa Ybarra ishara. Ybarra akatoka, akarudi na mfuko.

Vinnie alisoma. Alisoma tena, kidole chake kikifuata kila herufi juu ya plastiki, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kilipofika kwenye jina lake kikasimama.

"Alianza kurudi," Truett alisema kwa sauti ya chini. "Hatua mia tatu. Halafu akakukumbuka."

Alikaa hivyo mpaka kahawa ikapoa. Kisha akanyanyuka, akachukua kofia yake ya majani msumarini, akaishika asijue aivae au aiache.

"Twende," alisema.

"Kituoni, mama."

"Mtoni kwanza, Amos. Nilichelewa."

Hakuna kanuni ya polisi inayoruhusu hilo. Truett alifungua mlango wa mbele wa gari, si wa nyuma, na Ybarra akashika usukani bila kuuliza njia.

Kulikuwa bado na jua walipofika. Vinnie alikwenda moja kwa moja hadi kwenye jiwe bapa alilolikalia miaka yote, akaketi uso umeelekea njia inayoteremka kutoka korongoni, kofia mapajani. Inspekta Truett alisimama nyuma yake, tumbo lake likimtilia kivuli.