Matone ya Kutoka Bandani

Haya, wajukuu zangu, yalimpata shoga yangu aliyekuwa mfagiaji kwenye bustani ya wanyama, na alinisimulia mkono ukiwa bado na bendeji. Kenge mkubwa alimng'ata kidole kupitia wavu, kisha akamwachia. Damu ikagoma kukatika.

"Ndivyo anavyoua," mlishaji wa wanyama akamwambia, njiti mdomoni. "Anang'ata mara moja, anakuacha uende zako, halafu anafuata damu kwa ulimi mpaka uanguke."

"Maneno unayo, baba. Dawa iko wapi?"

"Stoo. Ila taa imeungua."

"Mwezi mzima naimba taa, taa! Nyie masikio mmeyaazima?"

Akaenda amenuna, damu ikidondoka korido nzima. Mlango ukajifunga nyuma yake, giza totoro. Akawa anapapasa rafu, mara akasikia nje kitu kizito kinaburuzwa sakafuni. Srrr, kimya. Srrr, kimya.

"Mlishaji! Sitaki utani!"

Mlishaji akaitikia kutoka mbali, kule bandani: "Utani gani? Niko huku na kenge wako, amelala!"

Akausukuma mlango kwa hasira. Korido ilikuwa tupu. Matone yake yote yalikuwa yamelambwa, na pale kizingitini mate yalikuwa bado mabichi.