Maswali Kabla ya Fainali

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kisha kikanyamaza. Nje kulikuwa bado giza. Anande alitabasamu kitandani. Alijua ni mwanawe Ephraimu, anakoroga chai huku akijitahidi asimwamshe mtu.

"Na wewe umeamka saa hizi?" alimwuliza alipoingia jikoni.

"Shikamoo mama. Usingizi umegoma."

"Marahaba. Umegoma, au umeufukuza mwenyewe?"

Ephraimu alicheka. Siku za kazi alitengeneza pikipiki za watu katika gereji moja ya mtaa wa Sakina. Siku za mapumziko alishindana mbio za pikipiki kwenye uwanja wa vumbi, chini ya Mlima Meru. Hakulipwa. Aliupenda tu mchezo huo. Jumamosi hiyo palikuwa na mchujo, na kesho yake fainali. Kwa miaka mitatu Ephraimu alikuwa akiishia kwenye mchujo.

Anande hakuupenda mchezo, ila alimpenda mchezaji. Alifunga chapati na chupa ya chai. Koikai, anayefanya kazi na Ephraimu gereji, alikuja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kuazima. Wakapakia pikipiki, wakatoka nyumbani Moshono.

Uwanjani jua lilikuwa kali. Mama mmoja asiyemfahamu alimsogezea Anande nusu ya mwavuli wake. Wakashangilia pamoja kama ndugu. Ephraimu alivuka mstari wa mwisho akiwa wa nne. Amefuzu! Alinyanyua mkono mmoja kwa furaha, tairi la nyuma likateleza. Akarushwa, kichwa kikagonga chini.

Koikai ndiye aliyemfikia kwanza.

"Ephraimu!"

Kimya.

"Ephraimu, mwanangu!" Koikai alimwita tena.

Ndipo akafumbua macho. Kabla vumbi halijatulia, Koikai alikuwa ameshamsimamisha na kummwagia maji usoni. Nesi wa uwanja, Nashipae, alifika akikimbia.

"Mbona mmemwinua? Aliyeanguka hivi haguswi mpaka shingo ipimwe. Alizimia?"

"Hapana, sista," Koikai alijibu upesi. "Alikuwa anaongea muda wote."

"Niko freshi," Ephraimu akaongeza.

Nashipae alimpima shingo, akamtazama macho. "Leo umemaliza. Kesho uje nikupime kabla ya fainali." Akamgeukia Koikai na Anande, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika mbio. "Lakini akitapika, kichwa kikizidi kumuuma, au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali hapohapo. Msisubiri kesho."

Jioni Anande alipika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

"Mama, nilikuwa wa ngapi?" Ephraimu aliuliza.

"Wa nne, baba."

Alikula kidogo. "Hivi mama, nilikuwa wa ngapi?"

Anande alidhani ni raha tu, mtu anataka kuisikia tena. Lakini aliuliza tena, na tena. Kisha akatoka nje kutapika. Alirudi ndani, mara akatoka kutapika tena.

"Ni jua la leo," alisema akijifuta mdomo. "Usimwambie yule nesi. Ataniondoa. Miaka mitatu, mama!"

Anande aliifikiria hiyo miaka mitatu. Akaamua asimwambie mtu. Tangu utotoni alikuwa amesikia kwamba aliyegonga kichwa asilale. Basi kila mwanawe aliposinzia, alimtikisa bega.

Jumapili walirudi uwanjani. Anande alipeleka chai nyuma ya hema, akamkuta Koikai anamfundisha Ephraimu majibu.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Tuko wapi?"

"Uwanjani."

"Jana ulikuwa wa ngapi?"

Ephraimu alikunja uso. "Wa... wa sita?"

"Wa nne, mwanangu! Nesi lazima ataiuliza hiyo. Kaza! Tena."

Anande alitaka kucheka. Walionekana kama watoto wa shule wanaosubiri mtihani. Lakini kila waliporudia, Ephraimu alikosea palepale. Kicheko kikamkauka Anande mdomoni.

Nashipae alifika.

"Shikamoo mama. Ephraimu, njoo ukae kivulini. Asubuhi umekunywa chai na nini?"

"Jumapili," alijibu Ephraimu.

Koikai akatazama viatu vyake.

"Nimeuliza chai, kaka yangu."

"Wa nne."

Waendesha pikipiki waliokuwa karibu walicheka. Nashipae hakucheka. Alimgeukia Anande. "Mama, jana nyumbani alikuwaje?"

Ephraimu alimtazama mama yake. Macho yalikuwa yanamwomba. Kwenye mstari wa kuanzia pikipiki zilikuwa zimeanza kunguruma.

"Ametapika," alisema Anande. "Mara mbili. Na swali moja ameniuliza jioni nzima."

"Mama! Umeniuza!"

"Nifokee tu, mwanangu. Nataka uendelee kuwa na nguvu za kunifokea."

Koikai akakohoa. "Sista, jana nilikudanganya. Alizimia. Nilimwita, hakuitika."

Walimngoja awakaripie. Badala yake, Nashipae alimwekea Koikai mkono begani. "Ahsante kwa kusema. Sasa tumpeleke hospitali."

"Lakini helmeti yake haijapasuka," Koikai alisema. "Kichwa kitaumiaje?"

"Koikai, kwenu bibi anatikisa maziwa kwenye kibuyu?"

"Sana tu. Siagi ya bibi naijua."

"Kibuyu kinapasuka?"

"Hakipasuki."

"Na maziwa ya ndani?"

"Yanatikisika mpaka yanatoa siagi," Koikai alijibu, akaitazama helmeti.

"Basi," Nashipae alisema. "Helmeti inapunguza pigo na inalinda mfupa. Mwenye helmeti anapona mengi. Lakini ubongo ndani bado unaweza kutikisika. Ndiyo maana mtu anatapika, anasahau, anarudia maswali. Akigonga tena kabla hajapona, hata kidogo, ubongo unaweza kuvimba akafa."

Ephraimu aliinamisha kichwa. Taratibu akavua glavu, akampa Koikai.

Njiani Anande alisema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimemkatalia usingizi."

"Wengi tumelelewa hivyo, mama," Nashipae alimjibu. "Aliyepimwa na daktari akaruhusiwa kurudi nyumbani, anaweza kulala. Mapumziko yanamsaidia. Awepo tu mtu wa kumwangalia. Kosa lilikuwa kungoja. Kule kutapika kulitosha kumpeleka jana ileile."

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Walikaa kwenye benchi, Koikai akimshikia Anande mkoba kama mtoto wake wa kumzaa. Hatimaye daktari akatoka.

"Ubongo umetikisika," alisema, "lakini hakuna damu iliyovujia ndani. Atapona."

Anande alijifunika uso kwa kanga, akalia. Alikuwa analia kwa nafuu. Ilikuwa kama mtu ametuliwa ndoo ya maji kichwani.

"Apumzike," daktari aliendelea. "Apunguze simu. Asipande pikipiki. Kazi airudie kidogokidogo, na mashindano mpaka nimruhusu mimi. Na hiyo helmeti msiitumie tena. Ikishagonga hivyo, nguvu yake imekwisha, hata kama haina ufa."

Koikai aliikata kamba zake jioni ileile, asije mtu akaiokota na kuivaa.

Siku ya kwanza Ephraimu hakuongea na mama yake. Siku ya pili alilala mchana, akaamka, akamfuata jikoni. "Mama, nisamehe. Sikumbuki hata nilivyoanguka. Ningepandaje pikipiki?"

"Sasa njoo ule," Anande alimjibu.

Nashipae alikuwa akipitia kwao kila alipotoka kazini, bila kuombwa. Maumivu ya kichwa yalipungua, kisha yakaisha. Ephraimu alirudi gereji kuosha spana tu, baadaye akafungua injini. Wateja wakaanza kusikia habari za kibuyu cha maziwa. Koikai ndiye aliyezidi. Kwenye mashindano yaliyofuata kijana mmoja alianguka, na Koikai akawazuia watu wasimwinue. Kisha akapaza sauti: "Sista! Huyu amezimia, nimemwona mwenyewe!" Kijana yule alipimwa mapema, akapona.

Siku daktari alipomruhusu Ephraimu kushindana tena, Nashipae alipita jioni. Akammulika macho kwa tochi yake ndogo, akaizima.

"Umepona kabisa. Mimi hapa sina kazi tena," alisema, akiinuka.

Anande alimshika mkono, akamsindikiza hadi getini bila kuuachia.

"Kazi huna, lakini watu unao. Jumapili njoo, mwanangu. Hiyo tochi iache kwako. Njoo ukae tu."