Voice Note Niliyomtumia Mama Haika

"Nimesikia sauti yako jikoni kwetu, Uncle."

Haika alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yangu huku ughaibuni, Wembley. Kalowa chapachapa, wanja umemtiririka mpaka shavuni.

"Sauti gani?" Nikajifanya sijui.

"Voice note yako. Mama alikuwa anapika, akaiweka spika. I trusted you."

Akageuka, akaondoka... Mimi, mwanasaikolojia mzima, nikabaki nimeduwaa kama mwizi aliyefumwa.

Jamani, mtanisema, na nastahili. Majina yao nimebadilisha. Langu nimeliacha: Lusajo.

Haika alilelewa kama mtoto wa kiume. Mimi ndiye mtu mzima wa kwanza aliyemfungukia kwamba yeye ni mwanamke. Aliniomba kitu kimoja tu: mama asijue mpaka atakapomwambia mwenyewe.

Nikasema sawa.

Sasa mimi nilisoma enzi zile vitabu vinaita hali hii ugonjwa. Vitabu vikabadilika. Nikaenda semina, nikapewa cheti, nikakitundika ukutani. Ila moyoni? Nilikuwa bado kulekule.

Jumapili nikamwona mama yake kanisani, dada Placida, kachoka na kazi za usafi. Roho ikaniuma. Nikajiona nina wajibu wa kindugu, si wote tumetoka nyumbani? Nikarekodi:

"Dada, kijana wako amechanganyikiwa, anajiita Haika. Usihofu, nitamnyoosha."

Kumnyoosha... mimi ninayelipwa kumsikiliza!

Haika alipoondoka nikampigia mama yake. Nilitegemea kilio.

"Kaka Lusajo, unadhani nani alimtafutia namba yako?"

Akaendelea:

"Nilijua zamani. Nikampa rafiki yake namba ampelekee, maana wewe umesomea. Nilitaka apate pa kuanzia, halafu siku moja aje aniambie mwenyewe."

Akavuta pumzi.

"Mwenzio najizoeza kumwita Haika nikiwa peke yangu jikoni. Hiyo siku nilikuwa naisubiri, kaka. Umetunyang'anya."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Hapokei simu. Anadhani tulipanga wote wawili kumnyoosha."

Wee... nilikaa sakafuni, mtu mzima, nikalia.

Cheti nimekishusha. Kesho naenda kujiripoti kwa mkuu wangu, na kazi iende kama ni kwenda.

Mnaofanya kazi kama yangu, siri ya mtu ni ya kwake, hata kama mama yake mnasali naye benchi moja. Na msimhukumu mama kabla hajafungua mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, yeye alishatangulia.

Na wewe binti, unajijua. Mama hakupanga chochote. Mimi usinisamehe, sawa, lakini yeye mpokelee simu. Jina lako analijua.