Bata wa Tisa

Zilibaki siku tano kabla ya msimu wa mashua kufunguliwa. Ufukwe mzima ulinuka lami. Mashua zililala kifudifudi juu ya magogo, na wanaume walizigonga kwa nyundo tangu alfajiri. Watoto walitumwa misumari. Walirudi na misumari nusu na visingizio vizima.

Nahodha hakuwa na mashua ya kugonga. Mashua yake ya zamani ilioza msimu uliopita. Alikuwa akisubiri nyingine kutoka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekaa kwenye ziwa la mbali. Shemeji aliuza mashua hiyo kwa sababu, alisema, "kule siku hizi mashua haziendi." Nahodha hakuuliza kwa nini haziendi.

Jumatatu saa nne lori likafika. Mashua ilikuwa imefunikwa majani mabichi, mazito, yanayong'aa.

"Nahodha, umenunua mashua au mboga?" dereva akamtania.

"Wewe endesha lori, ya maji niachie mimi," Nahodha akamjibu. "Mbao ikikauka njiani hupasuka. Shemeji ameifunika ili ibaki na unyevu. Ameacha na maji ndani. Yule anaijua kazi."

Alisema kweli. Mafundi wengi wa mashua hufanya hivyo. Hata baba yake alifanya hivyo.

Wakaishusha mashua ukingoni mwa maji. Nahodha akachomoa kizibo cha chini. Maji ya ngama, yale yanayotuama tumboni mwa mashua, yakatiririka hadi ziwani. Majani akayabeba kwa mikono miwili na kuyatupa kando ya matete. Kisha akajifuta jasho, akacheka. Mashua ilikuwa nzima.

Mkewe hakushuka kuiona. Yeye alikuwa fundi wa kushona maturubai ya mashua za watu, lakini hakuwahi kupanda hata moja tangu aolewe. Watu walimtania kwamba anaogopa maji. Yeye aliendelea kushona.

Jumatano asubuhi alikuwa kwenye cherehani. Binti yao wa miaka minane akaingia mbio. Alikuwa mdogo wa umbo na hatulii, ndiyo maana wakamwita Sisimizi.

"Mama, nitazame! Mimi ni bibi harusi!"

Mama akainua macho. Nyuma ya sikio la Sisimizi kulikuwa na ua la zambarau. Petali yake moja ilikuwa na doa la manjano, kama jicho.

Cherehani ilisimama.

"Umelitoa wapi?"

"Ziwani. Yapo mengi. Mama, mbona unanibana mkono?"

Mama akaona kwamba kweli anambana. Akamwachia. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na jua lilikuwa kali.

Alilijua ua lile. Alipokuwa mtoto, ziwa la kwao lilikuwa safi. Ukiingia hadi magotini unaona vidole vyako vya miguu. Kisha ua hili likaja. Kina mama walilipenda, wakalipanda kwenye mabeseni. Miaka michache baadaye mtu hakuyaona maji tena. Aliona majani tu, mpaka upeo wa macho.

Asubuhi moja baba yake alitoka na mashua kupitia njia nyembamba. Upepo ukageuka. Ukayasukuma majani nyuma yake, njia ikajifunga. Kutoka ufukweni walisikia sauti yake ikiita. Hawakuweza kupiga kasia, hawakuweza kuogelea. Siku mbili waliisikia sauti. Siku ya tatu hawakuisikia.

Mama alishuka kwenda ufukweni bila viatu.

*

"Majani tu, mama watoto," Nahodha akasema.

"Baba Sisimizi, hayo si majani. Hayo ni gugu maji. Ndilo lililomuua baba yangu."

Nahodha alijua kwamba baba mkwe alifia ziwani. Hakujua alifaje. Mkewe hakuwahi kusema.

Akatazama kwenye matete. Rundo alilotupa Jumatatu halikuwa rundo tena. Mawimbi yalikuwa yamelitawanya. Yale majani yalielea kwa mashina yaliyovimba kama maputo madogo, mizizi myeusi ikining'inia chini kama nywele.

"Sasa sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Tusimwambie mtu. Jumamosi ni ufunguzi. Watu wakijua, mashua yangu haitagusa maji, na sisi tutakuwa wimbo wa mji mzima. Nitayamaliza mwenyewe sasa hivi."

Akachukua panga, akaingia majini. Akaanza kuyakatakata. Vipande viliruka, vikaelea, vikaanza kwenda zake.

"Weka panga chini!"

Mwanamke mmoja alikuwa akija mbio kwa mabuti ya mpira. Huyu alikuwa mkaguzi wa ziwa. Wakulima wana Bibi Shamba, basi watu wa pale wakamwita Bibi Ziwa. Wiki ile alikuwa akikagua mashua kabla ya ufunguzi.

"Nafyeka magugu tu, Bibi Ziwa," Nahodha akasema.

"Hufyeki. Unapanda. Kila kipande chenye kitovu, pale majani yanapoanzia, kitaota upya. Ulikuwa na mimea ishirini, sasa pengine una arobaini."

Nahodha alirudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka.

"Mmea mmoja ukipata joto huwa miwili kwa muda wa wiki mbili hivi," Bibi Ziwa akaendelea. "Miwili huwa minne. Minne huwa minane. Mnaona ni kidogo, sivyo? Hesabuni mpaka wiki ya ishirini na nne. Mtapita elfu nne. Majani yakifunika maji, hewa haiingii, samaki wanakufa. Kwenye mizizi wanajificha konokono wa kichocho. Na mashua..."

"Mashua haziendi," mama akamalizia.

Nahodha akayakumbuka maneno ya shemeji. Akalitupa panga nchi kavu.

"Tutafanyaje?"

"Tunaanza kwa kuwaambia watu wote. Leo."

"Bibi Ziwa, nakuomba. Watanila mzima."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Nahodha. Watu wawili hawawezi kupekua ufukwe huu wote. Na kila saa unayoona haya, upepo hauoni haya."

*

Nahodha alipanda juu ya mashua yake, akagonga kopo. Nyundo zikakoma moja baada ya nyingine. Akasema yote: majani, maji ya ngama, panga. Alisema akitazama miguu yake.

Kisha mzee mmoja, fundi wa kalafati, yule anayeziba nyufa za mashua kwa pamba na lami, akapasua sauti:

"Yaani miaka yote sisi tunaleta samaki, wewe umetuletea shamba!"

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Mwanamume mmoja alisema mashua ichomwe. Mwingine akasema mwenyewe achomwe nayo. Mama akasogea akasimama kando ya mashua. Sasa watu wakamwona, yule mwanamke asiyeshuka ziwani. Akawasimulia habari ya baba yake. Alisimulia kwa maneno machache, na alipofika kwenye ile siku ya tatu, hakuna aliyebaki akicheka.

Muuza nyavu akakohoa. "Mimi... nyavu nilizoleta mwezi jana zimetoka ziwa hilohilo. Nilizitia majini mbichi. Sikujua."

"Ahsante kwa kusema," Bibi Ziwa akamwambia. "Zitoe leo, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Nani mwingine?"

Mikono miwili ikainuka polepole.

Ndipo kazi ikaanza. Bibi Ziwa aliwaonyesha: ng'oa mmea mzima, na mizizi yake. Usikate, usivute kwa pupa. Tia kwenye gunia, na usiliburute majini. Peleka mbali, juu kwenye mawe, mahali ambapo mvua haitaurudisha ziwani. Anika juu ya turubai ukauke kabisa, kisha choma. Mama alikuwa na turubai la mteja, jipya, halijaguswa. Akalitandika juu ya mawe bila kuuliza mtu.

Walipekua matete hatua kwa hatua mpaka jioni. Hapo fundi wa kalafati akamkuta mtoto akivuta mmea kwa uzi ndani ya maji.

"Hii nini tena?"

"Bata wangu," mtoto akasema. "Nimepewa na Sisimizi."

Watoto walikuwa wameyapenda yale mashina yanayoelea. Wakayafanya mabata. Sisimizi ndiye aliyeyagawa, kila rafiki na bata wake, na kila rafiki na kona yake ya ziwa.

Walikuwa wakipekua upande mmoja, kumbe gugu lilikuwa limetembea pande zote.

"Mabata wangapi?" Nahodha akamkaripia Sisimizi. "Sema! Ukificha nitakuchapa!"

"Wanane," Sisimizi akasema haraka.

Alhamisi wakawatafuta. Wa kwanza alikuwa chini ya daraja la mbao. Wa pili kwenye mfereji. Kufikia adhuhuri walikuwa nao wanane, wote guniani. Watu wakashusha pumzi. Bibi Ziwa akafunga gunia.

Mama alimtazama binti yake. Watoto wengine walikuwa wakirukaruka. Sisimizi, ambaye hatulii hata usingizini, alikuwa ametulia tuli.

Akamchukua kando, wakaketi juu ya gogo.

"Unaogopa?"

Sisimizi akatikisa kichwa.

"Mimi naogopa," mama akasema. "Naogopa tangu jana mpaka meno yanauma. Naogopa tukisahau mmoja tu, siku moja nitasimama hapa nikisikia sauti yako kutoka kule katikati, na nisiweze kukufikia. Hakuna atakayekuchapa. Baba yako naye alificha, na mimi nilificha miaka mingi. Imetosha."

Sisimizi akatazama maji. Machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akamshika mama mkono na kumvuta.

Walipita jiwe la kufulia. Walipita matete ya mwisho. Nyuma ya mwamba kulikuwa na kidimbwi kilichoungana na ziwa kwa mlango mwembamba. Humo, ndani ya tairi kuukuu, bata wa tisa alikuwa amefungwa kwa uzi wa cherehani.

"Huyu ni wangu mwenyewe," Sisimizi akanong'ona. "Nilimfunga asipotee. Mama, amezaa."

Ilikuwa kweli. Kutoka kwenye mmea kulitoka kikono cha kijani, na mwisho wa kikono kulikuwa na mmea mwingine, mdogo kama kiganja. Uzi ulikuwa umelegea. Upepo ungevuma kidogo tu, gugu mama na mtoto wake wangetoka mlangoni hadi ziwani.

Mwanamke ambaye hakuwa ameingia ziwani kwa miaka kumi na miwili, tangu aolewe, akaingia. Maji yalifika magotini, kisha kiunoni. Miguu ilizama kwenye tope. Aliweka mikono yote miwili chini ya mizizi, kama mtu anayempokea mtoto mchanga, akauinua mmea mzima mzima, hakuna hata jani lililodondoka.

"Leta gunia," akasema.

*

Jumamosi msimu ulifunguliwa bila Nahodha. Mashua yake ilibaki juu, mbali na maji. Bibi Ziwa aliamuru isafishwe kwa maji ya kisima, kila ufa upigwe brashi, kisha ikauke juani wiki mbili. Mbao zilipasuka, kama Nahodha alivyohofia. Fundi wa kalafati akaja na pamba yake na lami.

"Ufa nitakuzibia," akasema. "Aibu, izibe mwenyewe."

"Nimekwisha kuiziba," Nahodha akamjibu. Wakacheka wote wawili.

Akampigia shemeji simu. "Usifunike tena mashua kwa majani. Ikitoka huko, itolewe maji yote hukohuko, isafishwe, ikauke. Ikipasuka, ipasuke. Nyufa zinazibika." Shemeji akakiri kwamba kule majani hayo yamejaa mno, hata watu wameacha kuyaogopa.

Pale ufukweni, hatua mia moja kutoka majini, wakaweka mahali pa kusafishia. Chombo chochote au wavu wowote kutoka ziwa lingine husimama hapo kwanza. Maneno ni matatu, na hata Sisimizi anayasimamia kwa ukali: ondoa majani, mwaga maji, kausha. Dereva wa lori alijaribu kupita. Sisimizi alisimama mbele ya gurudumu, mkono kiunoni, mpaka akarudi nyuma.

Mwezi wa pili baada ya ufunguzi, mama aliona jani linalong'aa kwenye matete. Alipiga filimbi. Watu kumi wakaja. Ulikuwa mmea mmoja, umetoka kwenye kipande kilichosalia. Wakaung'oa. Bibi Ziwa akawaambia wasijidanganye: mbegu za gugu hili hulala kwenye tope miaka mingi, nyingine zaidi ya kumi. Basi kila Jumapili wanaukagua ufukwe, zamu kwa zamu. Tangu hapo hawajaona mwingine.

Msimu uliofuata, asubuhi ya ufunguzi, Nahodha aliketi kwenye mashua yake na kasia magotini. Hakuita. Alisubiri tu.

Mama alisimama majini, kanga imekunjwa hadi magotini. Sisimizi alimshika mkono. Hofu ilikuwa bado ipo. Akainama, akatazama chini, akahesabu vidole vyake vya miguu.

Vilikuwa kumi, vyote vinaonekana.

Ndipo akainua mguu, akapanda.