Opali Isiyopenda Kukauka

Jumamosi saa tatu asubuhi, Koplo Bhoke Machage alishuka kwenye bodaboda kijijini Nyanungu akakuta boma zima limenuna. Opali kubwa ya Mzee Nyangwine, jiwe lake la thamani, ilikuwa imeibwa.

Mzee alimwingiza chumbani moja kwa moja. Juu ya kabati palikuwa na chupa ya kioo iliyojaa maji, na ndani yake opali ndogo chache zenye cheche za kijani na nyekundu. Mzee huyu alipata kuwa kibarua wa migodi, na tangu aache kazi alikuwa akishuka kwenye mashimo yaliyoachwa enzi za Wajerumani kutafuta mawe hayo. Wenzake walihangaika na dhahabu kule Nyamongo. Yeye moyo wake ulikuwa huku.

"Kwa nini yanakaa majini, mzee?"

"Ya shimo hili yakikauka yanapasuka, mwanangu. Ile kubwa ni kama yai la kanga. Jana baada ya kula niliitazama. Asubuhi haipo."

"Unamshuku nani?"

"Mkwe wangu Revocatus. Alilala hapa. Jiwe lisipopatikana leo, Ester harudi kwake, na ng'ombe wake wa mahari nitamrudishia."

Alisema kwa sauti ya kufika hadi uani. Ester, binti yake, alikuwa sebuleni na macho yamevimba.

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Ester alichukua kata aende kwenye mtungi, lakini Mama Ester akamkatiza. "Achana na huo. Mpe afande ya kwenye dumu."

Dumu lilikuwa limepigwa na jua. Bhoke alikunywa maji yale ya uvuguvugu akashukuru, huku mtungi ukitoka jasho pale kwenye kona.

Alimkuta Revocatus uani kando ya pikipiki yake.

"Usiku uliingia chumba cha mzee?"

"Afande, kile ni chumba cha mama mkwe. Hata kwetu Serengeti mtu..."

Hakumaliza. Mama Ester alitokeza na mzigo wa kuni, na Revocatus akageukia uzio hadi mama mkwe wake alipopita. Bhoke alimpenda kijana yule. Lakini hata wezi wengine wana adabu, kwa hiyo aliendelea na kazi.

Alimpigia simu Steven, dalali wa mawe wa Nyamongo, aliyekuwa pale jana.

"Niliondoka kabla ya giza," Steven alisema. "Mzee mwenyewe alinisindikiza."

Mzee alikubali kuwa ni kweli. Jiwe alikuwa amelitazama baada ya hapo.

"Steven alitaka nini?"

"Mnunuzi wake anataka jozi. Moja hanunui. Jumatatu nashuka kutafuta ya pili."

"Kwa umri huo, mzee?"

"Miguu ninayo."

Mama Ester, aliyeketi pembeni akisikiliza, aliinuka ghafla akatoka nje. Bhoke alimtazama anavyokwenda, akaanza kuelewa.

Baadaye aliwaita wote sebuleni. Revocatus, kwa kumheshimu mama mkwe, alibaki nje ya mlango.

"Mwizi wa kuuza angebeba mawe yote," Bhoke alisema. "Huyu kachukua moja tu, lile linalotafutiwa mwenzake. Na anajua halitakiwi kukauka. Mama, naomba maji ya mtungini."

Mama Ester hakusogea. "Ya dumu yapo."

"Ya dumu yana moto, mama. Mtungi umejaa, na tangu nifike hujaruhusu mtu auguse."

Mama Ester alifunua mtungi, akazamisha mkono hadi kiwiko na kuutoa ukichuruzika maji. Opali ilikuwa kiganjani.

"Sikutaka lipasuke," alisema. "Najua unavyolipenda."

"Mama Ester, umeniibia?"

"Safari iliyopita walikupandisha umezimia. Nilikushika miguu, ya baridi. Ulipozinduka ukauliza jiwe liko wapi. Nikikukataza unacheka. Nikaona bila hili la kwanza hutatafuta la pili."

"Na kijana wa watu aitwe mwizi?"

"Sikujua utamtaja yeye. Ulipomtaja, niliogopa kusema. Hilo nimekosa."

Kumtazama mkwe wake hakuruhusiwa, basi akaugeukia ukuta na kupaza sauti. "Baba, nisamehe."

Revocatus, naye akiwa ameuelekea uzio, alijibu, "Nimekusamehe, mama."

Bhoke alijifuta macho na wala hakuona haya. Kesi ya kupeleka kituoni hakuwa nayo.

Mzee Nyangwine alikuwa amewahi kusifiwa kwa ushujaa na kila mtu kijijini, lakini hakuna sifa iliyowahi kumgusa kama hofu hii ya mkewe kwamba atakufa. Hatimaye alimpigia Steven. "Mwambie mnunuzi asije. Mimi kushuka nimemaliza."

Mkewe aliketi chini palepale, akalia.

Mzee akatoka uani. "Mkwe, nimekukosea mbele ya watu. Mbele ya watu hawahawa naomba radhi."

Mzee akaishika pikipiki ya kijana, akaikokota mwenyewe hadi barabarani, akamwita binti yake.

"Ester, njoo. Nendeni kwenu."

Tangu aolewe, Ester hakuwahi kumsikia baba yake akiita kule Serengeti "kwenu".