Mkalimani wa Mama Armelle

Asubuhi ya kwanza ya likizo, Nella aliamka mapema kwa mazoea ya bweni. Alikunja blanketi, akapiga mswaki, akawasha birika la umeme. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Yeye husafisha ofisi katikati ya jiji la Sydney usiku, na hurudi nyumbani Liverpool, kitongoji cha jiji hilo, kwa treni ya alfajiri, mikono ikinuka sabuni. Nella alimtengea chai ya maziwa na mkate, kisha akasogea karibu na hita, maana ulikuwa mwezi wa sita na baridi ilikuwa kali.

"Huko shuleni nani anakupikia chai?" Mama aliuliza.

"Tunajipikia wenyewe. Lakini wale wasichana wanatia maziwa kidogo tu, kama wanayaonea huruma."

Mama alicheka mpaka akapaliwa.

Nella alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mwanzoni mwa mwaka alipata nafasi ya kusoma bila kulipa katika shule ya bweni iliyo mbali, nyuma ya milima. Shule yake ilikuwa imefunga mapema, lakini shule za serikali za Liverpool zilikuwa bado zinaendelea. Kwa hiyo Armelle, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa bado anakwenda darasani kila siku. Nella hakuwa na hakika kama waliendelea kuwa marafiki. Tangu Pasaka alikuwa amemwandikia Armelle ujumbe mara nyingi, na hakujibiwa hata mmoja.

Jioni ile mlango ukagongwa.

"Karibu nyumbani, mzungu wa bweni!" ilisikika sauti kubwa. Alikuwa Shirleen, msichana wa Kikenya wa jengo la pili. Nyuma yake alisimama Armelle, akitabasamu. Alimkumbatia Nella kwa nguvu na kumwambia kwa Kiingereza kwamba amemkumbuka sana. Armelle alielewa Kiswahili vizuri, ila alipenda kujibu kwa Kiingereza.

Nella alisahau kimya chote cha miezi iliyopita. Siku mbili zilizofuata zilikuwa tamu. Armelle akitoka shule walikula chipsi pamoja kando ya mto, na jioni nzima alikaa akimsuka Nella nywele huku Shirleen akiwachekesha. Alipofunga msuko wa mwisho, Armelle alisema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo:

"Alhamisi kuna mkutano wa wazazi shuleni kwetu. Mama anataka wewe umtafsirie."

"Mimi? Si wewe upo?"

"Unamjua Mama. Anasema mimi humpa maneno nusu nusu. Anakuamini wewe tu."

Ilikuwa kweli. Mama Armelle, ambaye jina lake ni Concilie, alifunga mizigo katika ghala moja huko Wetherill Park. Alisema Kirundi na Kiswahili kwa ufasaha, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Yeye na mama yake Nella walikuwa majirani tangu kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Nella alikuwa akimtafsiria tangu alipokuwa na miaka kumi, benki na hata kwa daktari wa meno. Mara zote Mama Armelle aliwaambia watu, "Huyu mtoto hana uongo."

Nella alikubali kwa furaha. Aliona kwamba bado anahitajiwa.

Alhamisi walipofika kwenye geti la shule, Mama Armelle alitangulia, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani juu ya sweta. Armelle alimvuta Nella mkono.

"Sikiliza. Mwalimu akisema neno kali, lilainishe."

"Nililainishe vipi?"

"Kama uji mzito. Unaongeza maji."

"Armelle, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Wote wanafanya hivyo. Gad wa darasani kwetu alitafsiriwa na dada yake, na baba yao hata leo anadhani Gad anaongoza darasa. Tafadhali, Nella. Wewe ni rafiki yangu au siyo?"

Kabla Nella hajajibu, waliitwa ndani.

Miss Pham, mwalimu wa darasa, aliwakaribisha kwa upole. Alizungumza polepole, akimtazama Mama Armelle usoni. Alisema Armelle amekosa vipindi vingi vya hisabati. Huingia getini asubuhi, kisha hutoweka. Hakutaka kumwadhibu. Alikuwa na darasa la msaada kila Jumanne baada ya masomo, bila malipo, lakini alihitaji mama akubali na amsimamie binti yake jioni. "Tukichelewa," alimaliza, "ataachwa na wenzake na hatawafikia tena."

Kisha akamgeukia Nella.

Chini ya meza, vidole vya Armelle vilimkamata mkono na kuubana.

"Anasema..." Nella alianza. "Anasema Armelle ni mwerevu. Anafanya vizuri. Hasa hisabati."

Mama Armelle alifumba macho. "Asante Yesu," alinong'ona. Kisha akainama, akafungua mfuko wake, akatoa bakuli la plastiki lililofunikwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na mandazi yaliyokuwa bado ya moto. Alikuwa ameyapika alipotoka kazini, kabla hata ya kupumzika. Alimpa mwalimu kwa mikono miwili, huku uso wake wote ukicheka.

Miss Pham aliyatazama mandazi, akamtazama mama, akamtazama Nella. "Una hakika ameelewa nilichosema?"

"Ndiyo, Miss," Nella alijibu, bila kuinua macho.

Ijumaa Armelle hakuja. Nella alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Jumamosi walikuwa wameahidiana kwenda mtoni, na Nella alimsubiri kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe alikwenda kwenye maduka makubwa karibu na stesheni. Akawakuta Armelle na Shirleen wamekaa na wasichana wengine, wanakunywa soda.

"Nimekusubiri," Nella alisema.

"Nilikuwa bize."

"Na jana?"

"Nella, jamani. Kwani lazima tuonane kila siku?"

Wasichana wengine walicheka kidogo. Shirleen hakucheka. Alisukuma glasi yake pembeni.

"Aki pole, Nella. Mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Shirleen!" Armelle alimkatiza.

"Si ni ukweli? Wewe ndiye ulituambia tumchangamkie hadi mkutano upite. Ulisema mama yako hawezi kuamini mtu mwingine."

Nella alimtazama Armelle, akingoja akanushe. Armelle aliinamia simu yake. Kisha akasema kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa, kwamba anashukuru kwa msaada.

Kumbe ndiyo maana ya makumbatio na chipsi, na ya vile vicheko vyote! Nella aliondoka haraka ili wasimwone analia. Ile misuko ilimbana kichwani, akatamani kuifumua yote pale pale barabarani. Njia nzima alipanga maneno. Angekwenda kumsema Armelle kwa mama yake. Angemweleza kila kitu, ili naye Armelle aumie kama alivyoumia yeye.

Alipokaribia jengo lao, alisikia Mama Armelle akimwita kutoka dirisha la juu. "Nella! Panda, mwanangu, nina habari."

"Shikamoo, Mama Armelle."

"Marahaba. Ingia, baridi hiyo."

Mama Armelle alikuwa akipiga pasi fulana zake za kazi, huku akiimba wimbo wa kwaya. "Unajua bosi wangu amekuwa akiniomba niingie zamu ya usiku? Mshahara ni mzuri, lakini kila mara nilikataa. Nilisema, nani atamwangalia Armelle? Mtoto wa umri huu usimwache peke yake usiku. Lakini baada ya yale maneno ya mwalimu, moyo wangu umetulia. Jana nimemkubalia. Naanza Jumatano."

Nella alibaki amesimama mlangoni. Maneno yote makali aliyoyapanga yalimtoka kichwani. Alimwona Armelle peke yake katika nyumba hii kila usiku, na asubuhi hakuna wa kujua kama amekwenda shule au hapana. Na kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Likizo ingekwisha, angepanda treni na kurudi bwenini, na Mama Armelle angeendelea kumsifu.

"Mama Armelle," alisema. "Usiingie usiku. Mwalimu hakusema vile."

"Hakusema vipi?"

"Nilikudanganya."

Mama Armelle alisimamisha pasi. "Kaa hapo. Sema alichosema mwalimu. Chote, kama alivyokisema."

Nella alisema. Alisema habari za vipindi, za geti, za darasa la Jumanne. Hakuacha kitu. Alipomaliza, Mama Armelle alichomoa pasi iliyokuwa bado ikitoa mvuke.

"Kwa hiyo yule mwalimu ananiambia mtoto wangu anapotea," Mama Armelle alisema taratibu, "na mimi namchekea na kumpa mandazi."

"Nisamehe, Mama Armelle."

"Ameniona mama wa namna gani?" Alijifuta macho kwa kiganja. "Armelle namjua, nimemzaa mimi. Ninajua anavyojificha. Lakini wewe, Nella! Wewe nilikupa masikio yangu uyashike. Hata wewe?"

Nella alilia. Mama Armelle hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nenda nyumbani," alisema mwishowe. "Mweleze mama yako mwenyewe, kabla sijamweleza mimi."

Mama yake Nella alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kitandani na kushika tama. Aliudhika sana. Lakini jioni alivaa koti, akamfuata Mama Armelle. "Shoga yangu, kosa ni la watoto, lakini na sisi tumezidi kuwabebesha," alimwambia. "Mimi hospitalini waliniwekea mkalimani kwenye simu, mtu mzima, na sikulipa kitu. Shule nayo inaweza. Lazima tuombe."

Jumatatu Mama Armelle alirudi shuleni na wasichana wote wawili. Miss Pham aliweka simu katikati ya meza, na sauti ya mwanamume ikasikika: "Habari za mchana, mama. Naitwa Gratien. Nitatafsiri kila kitakachosemwa, na sitaongeza wala kupunguza."

"Ndicho ninachokitaka, baba," Mama Armelle alijibu.

Miss Pham alieleza kwamba alishangaa kidogo walipoomba mkalimani. Armelle alikuwa amewaambia shuleni kwamba mama yake hahitaji mkalimani, kwa sababu atakuja na ndugu yake.

Mwalimu alirudia yote aliyoyasema Alhamisi. Safari hii Mama Armelle alisikia kila neno, na uso wake ulijikunja kwa uchungu. Kisha mwalimu akamuuliza Armelle kwa nini anakimbia hisabati.

Armelle aliinama. "Sielewi," alisema, na machozi yakaanza. "Zamani Nella alikuwa ananielekeza. Alipoondoka, nikabaki peke yangu. Kuuliza naona aibu. Na yeye ananitumia picha za farasi wa shule yake na marafiki wapya!"

"Ungeniambia," Nella alisema.

"Ungeniona mjinga."

"Kwa hiyo ukaona afadhali unitumie, halafu unitupe?"

Armelle alifunika uso. "Samahani, Nella," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Nimesikia," Nella alijibu. "Lakini bado inaniuma."

Kabla hawajatoka, Mama Armelle alikubali darasa la Jumanne. Kupitia kwa Gratien alimwambia mwalimu kwamba zamu ya usiku ameikataa, na kwamba amejiandikisha kujifunza Kiingereza kila Jumamosi pale Liverpool. Miss Pham alimshika mkono wake kwa mikono miwili.

Kwenye kituo cha basi upepo ulikuwa mkali. Wasichana walikaa kila mmoja upande wake wa benchi, na Mama Armelle katikati.

"Nisikilizeni," alisema. "Mtu akikupa maneno umfikishie mwenzake, hayo maneno si yako. Huwezi kuyatia sukari wala kuyamwagia maji. Ukiona ni mazito kwako, sema siwezi, atafutwe mtu mwingine. Hapo hutakuwa na kosa. Wewe Nella ulidhani unamsaidia Armelle, kumbe ulinizuia mimi nisimsaidie. Na wewe Armelle, rafiki unayemtafuta siku ya shida na kumkwepa kesho yake, huyo hujamfanya rafiki, umemfanya mtumishi. Kuwasamehe nimeshawasamehe. Ila kuwaamini ni kazi nyingine, na mtaifanya ninyi, siyo mimi."

"Ndiyo, Mama," walijibu pamoja.

Basi likafika. Mlango ulipofunguka, dereva alisema maneno mengi ya haraka, akionyesha mbele kwa kidole. Nella na Armelle walifungua vinywa kwa pamoja. Mama Armelle akawanyamazisha kwa mkono, akapanda ngazi moja. Alimwomba dereva kwa Kiingereza chake kifupi aseme tena, polepole. Dereva alirudia. Mama Armelle akauliza tena neno moja, akaitikia kwa kichwa, kisha akawageukia.

"Leo basi halifiki stesheni. Barabara inachimbwa. Tutashuka kituo kimoja kabla, tutembee."

Nella na Armelle walitazamana. Ndivyo dereva alivyosema, na hakuna neno lililopungua.