Gari-Nyumba la Melkizedeki

Anayesema Hans ni mwoga aje Lemara aniambie usoni. Ila aje mchana.

Mimi nimesoma mpaka darasa la sita. Hapo mimi na mwalimu mkuu tukakubaliana kwamba mmoja wetu aondoke, na yeye alikuwa na familia. Nyie mliofika kidato cha nne mko wapi? Mnasubiri barua ya kazi. Mimi nilikuwa pale Mnara wa Saa kila asubuhi, jinzi imenyooka, nawadaka watalii kabla hawajameza chai. Kiingereza nakimwaga. Kijerumani cha kuombea maji ninacho. Hizi ni enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake, moto wenyewe ndio umekolea. Ukiwa na Land Rover moja na kibao cha rangi, wewe ni kampuni ya utalii. Kibao nilikuwa nacho tayari. Gari ndilo lilikuwa bado.

Na gari nililitaka kwa sababu ya Anneth.

Baba yake, Mzee Elimringi, ni Mchaga wa Machame kama mimi. Nilipokwenda kujitambulisha hakuuliza dini wala kazi. Aliuliza, "Wewe ni wa ngapi kwenu?"

"Wa kati, mzee."

Akanionea huruma, huruma ile inayouma kuliko kofi. Kwetu kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, anarithi mkubwa na anarithi kitinda mimba. Wa kati anapewa baraka na nauli.

"Basi kijana," akasema, "ukipata kwako, uje na pombe tuongee. Binti yangu haolewi njiani."

Kwa hiyo niliposikia kuna mjane huko Kikwe anauza gari lenye nyumba ndani, yale ambayo wazungu wanasafiri nayo na jiko lao na kitanda chao, nilicheka peke yangu. Gari na kwangu kwa mpigo mmoja. Mzee akitaka kujua kwangu ni wapi, nampigia honi getini.

Nilikwenda na Lucky, fundi, rafiki yangu tangu tuna makamasi. Lucky ni Mwarusha, mpole, anaimba kwaya, ila akilisikiliza gari linavyokohoa anakwambia hata lilikunywa nini jana. Siku hiyo alichelewa kutoka gereji, kwa hiyo tuliingia Kikwe jua limeshaegemea. Betri alikuwa ameibeba begani kama mtoto mgonjwa.

"Hans, gari lililolala muda mrefu lina siri," akasema njiani.

"Siri ya gari ni kutu, mchungaji. Tembea."

Tulilikuta nyuma ya migomba iliyokauka, kwenye uwanja wa vumbi, limeelekeza pua Mlima Meru. Gari la Kijerumani, kubwa kama duka. Rangi imebanduka. Matairi mawili yamelala. Dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa bati, mengine bado yana mapazia ya maua. Kila mti pale ulikuwa umejaa ndege wanaogombania pa kulala.

Paa la gari halikuwa na hata kinyesi cha ndege.

Bibi mmoja akatoka kwenye kibanda cha udongo kilicho pembeni. Shanga masikioni, kanga ya kanisa mabegani. Huyo ndiye Namnyaki, mjane.

"Shikamoo, yeyo," Lucky akasema. Ndivyo kwao wanavyomwita mama.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mimi sina subira ya salamu ndefu. "Yeyo, mbona unalala kibandani, na nyumba nzuri ipo hapa?"

"Ile ni ya mume wangu."

"Si nimesikia alishafariki?"

"Ni yake," akasema.

Mume wake aliitwa Melkizedeki. Alikuwa dereva wa wazungu fulani, na walipoondoka nchini wakamwachia lile gari. Akaishi humo mpaka mwisho wake. Sasa macho ya bibi yalikuwa yamechoka, na binti yao Silantoi alikuwa anamwita akakae naye Monduli.

"Wateja wengine walikuja?" nikauliza. Hiyo ndiyo biashara, lazima ujue unashindana na nani.

"Walikuja."

"Wakasemaje?"

"Walishuka, wakaenda."

Kisha akanisogelea. "Ukiingia, piga hodi. Na kitanda cha nyuma usikiguse. Anayenunua, ananunua na kitanda kama kilivyo."

"Hodi kwa gari, yeyo?" Nikacheka. "Likiitika je?"

Hakucheka. Lucky, ambaye alikuwa ameshafungua boneti, akanong'ona, "Hans, wewe piga tu."

"Piga wewe, mlokole."

Nikapanda.

Ndani kulikuwa na mwanga wa kahawia, ule wa mwisho wa jua kupita kwenye pazia chafu. Sinki dogo. Jiko la gesi. Makabati yaliyoliwa na mchwa. Nikaanza kupanga kwa sauti, maana mimi hupanga kwa sauti ili maisha yasikie. Hapa viti. Hapa friji. Hapa Anneth anasimama anakaanga mayai, mimi niko usukani.

Halafu ile harufu...

Udongo. Udongo uliolowa, kama mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Na Kikwe ilikuwa haijaona tone kwa miezi.

Paa linavuja, nikajiambia. Linavuja nini, sikujiuliza.

Nyuma kabisa, mahali pa godoro, palikuwa na sanduku la mbao lenye upana wa kitanda. Limejaa udongo mpaka ukingoni. Siyo udongo wa Kikwe. Ulikuwa mweusi kama wa kwetu mlimani. Na juu yake yalikuwa yameota masale, mabichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Mchaga yeyote anajua masale. Yanapandwa mpakani. Ukimkosea mtu unampelekea masale, na akiyapokea amekusamehe. Na kuna mahali pa tatu yanapopandwa. Hapo pa tatu, wanapolazwa wazee wetu, sikutaka kupakumbuka.

"Bibi amegeuza chumba cha wageni bustani," nikasema kwa sauti. Nikashika mche wa mwanzo, nikavuta.

Haukutoka.

Nikavuta kwa mikono miwili. Ukapanda kidogo... halafu ukarudi chini. Taratibu. Kama kamba ambayo mtu wa upande wa pili naye ameishika.

"Hans." Lucky alikuwa anaita kutoka mbele, sauti ndogo. "Acha kurukaruka. Gari linacheza."

"Sijaruka."

"Linacheza."

Sasa na mimi nikalisikia. Springi zilikuwa zinalia. Kriiik... kriiik... Mtikisiko wa mtu anayetembea naujua. Huu ulikuwa wa mtu aliyelala, anayejigeuza.

Nikaona nimalize. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mche ukang'oka na mizizi yake, na taa ya darini ikawaka.

Nikapumua. "Asante, Lucky. Betri yako ilitaka kuniua."

Lucky akajibu kutoka nje, taratibu.

"Betri iko hapa chini, Hans. Nimeiwekea mguu."

Taa ilikuwa ya njano, dhaifu, inapanda na kushuka kama kifua. Na sauti ikatoka... siwezi kuwaambia ilitoka wapi. Sauti ya mzee mwenye koo kavu. Kimachame, kile cha babu zetu.

"Wewe ni wa nani?"

Nikautafuta mlango kwa macho. Nyie mngejibu?

"Ni mkubwa... au wa mwisho?"

Mdomo wangu, ambao tangu nizaliwe haujawahi kunitii, ukajibu wenyewe. "Wa kati."

Ikapita pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo.

"Hata mimi. Karibu."

Na udongo ukaanza kusogea. Ulijivuta wenyewe kuelekea ukutani, kidogo kidogo, na masale yakausindikiza, mpaka upande wa huku ukabaki shimo. Shimo refu. Lilikuwa na urefu wangu. Lilikuwa na upana wa mabega yangu.

Alikuwa amenipisha.

Sijui kama nilishuka kwa mlango au kwa dirisha. Lucky alikuwa ameshafika barabarani, betri ameiacha, na Lucky haachi betri. Namnyaki alikuwa amesimama pale pale na taa ya chemli. Giza lilikuwa limeingia kabisa.

"Hukupiga hodi," akasema, karibu kwa kunong'ona. Akaangalia mkono wangu. Mche bado nilikuwa nao. "Na umeng'oa."

"Yeyo, mle kuna nini?"

"Mume wangu alikuwa mtoto wa kati. Alipofariki nilipeleka habari Machame. Ndugu zake wakasema kihamba hakina nafasi yake. Huu uwanja nao ni wa kukodi, na mwenye shamba akasema yeye hapangishi kaburi." Akainua taa. "Mtu anazikwa kwake. Wewe si Mchaga? Niambie basi, kwake palikuwa wapi?"

Nikayaangalia magurudumu.

"Ni yeye mwenyewe mle? Au ni udongo tu wa kumkumbuka?"

Akaielekeza taa kwenye mkono wangu. "Hayo masale ulishayashika, umeshaanza kuomba radhi," akasema. "Rudi ndani uyapande, umalize. Usiyatupe, mwanangu."

Nikayatupa.

Nilifika Lemara watu bado wanakula. Mama Princess, mwenye nyumba wangu, alikuwa uani anachambua mchicha, redio inasoma taarifa ya habari. Nikampita kwa mbwembwe zangu, napiga mluzi.

"Hans," akaniita. "Mgeni wako nimemfungulia."

"Mgeni gani?"

"Yule mzee wa Machame. Mpole jamani, amepiga hodi vizuri, siyo kama wewe. Anasema mmetoka wote Kikwe." Akapunguza sauti, mgeni asisikie. "Ila mwambie akung'ute miguu. Amenijazia udongo barazani."

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi kidogo. Harufu ya mvua ya kwanza ikanipokea.

Nikausukuma kwa kidole.

Hapakuwa na mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na mimi sijawahi kutandika kitanda. Juu ya shuka, upande wa ukutani, udongo mweusi ulikuwa umelala kwa urefu, kutoka kwenye mto hadi miguuni. Upande wa huku shuka lilikuwa jeupe, safi.

Upande wangu.

Mama Princess aliniona narudi uani, nakaa karibu na redio. Akaniuliza mbona nimemwacha mzee wa watu peke yake. Nikamwambia amechoka, amelala. Ndio uongo pekee niliowahi kusema bila kuufurahia.

Nikiwa pale nikafikiri, na mimi nikiamua kufikiri sina mpinzani. Chumba ningeweza kuhama. Ningehamia Sokon I, ningehamia hata Nairobi. Lakini yule mzee alinyimwa pa kulala na ndugu zake, akanyimwa na mwenye shamba, halafu nikaja mimi nikamtikisa kitandani, nikampa masale, nikayatupa kabla hajayapokea. Sasa angekwenda wapi? Angekuwa anapiga hodi kila nitakapopanga. Na kila mwenye nyumba angemfungulia, kwa sababu ana adabu kuliko mimi.

Asubuhi nikachukua akiba yangu yote. Nilimkuta Lucky gereji, macho mekundu.

"Unakwenda kulinunua," akasema. Hata hakuuliza.

"Ndiyo."

"Gasketi imekufa. Klachi imekwisha. Bodi imeliwa na kutu. Na lina maiti."

"Gasketi utatengeneza."

"Hans."

"Lucky, sikiliza. Heri mimi nikae kwake kuliko yeye akae kwangu."

Kikwe nilimkuta Namnyaki ameshafunga mzigo wake, amekaa juu yake. Miguuni kulikuwa na kopo la maji, na ndani ya kopo mche niliotupa, haujanyauka hata jani.

"Wewe ndiye wa kwanza kurudi," akasema.

Nikapiga hodi. Kama niliitikiwa, hilo ni langu. Nikaupanda ule mche kwa mikono yangu, nikaomba radhi kwa Kimachame nilichodhani nilishakisahau. Udongo ulikuwa wa vuguvugu, kama shuka mtu anapotoka kuamka.

Lucky alilitengeneza kwa wiki kadhaa. Alifanya boneti na matairi na uvungu, na ndani hajakanyaga mpaka leo. Gari linatembea. Watalii wanalipenda, wanalala kwenye mahema nje, nawaambia kitanda cha nyuma ni mambo ya mila, wanatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nalala kwenye kiti cha dereva. Kila usiku nakigeuza kitazame nyuma.

Mzee Elimringi naye alikuja kuliona. Akagonga matairi kwa fimbo, akazunguka mara mbili. "Kumbe hata wa kati anaweza kuwa na kwake," akasema. Pombe akaipokea. Harusi ni baada ya mavuno. Kwa hiyo mnaona, Hans anashinda.

Ila Jumapili Anneth alikuja kwa mara ya kwanza. Nikamwambia apige hodi, akapiga huku anacheka. Akapanda, akasimama pale pale nilipompangia, akashika pazia la maua.

"Haya nitayabadilisha," akasema. "Mbona kunanukia mvua?"

Springi zikalia mara moja. Kriiik...

Nikageuka kutazama nyuma. Udongo ulikuwa umejibana wote ukutani, masale yameinama.

Sasa kuna nafasi ya watu wawili.